Baiskeli Bila Mzigo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti cha kuzunguka. Nikazunguka mara mbili kuhakikisha kwamba kinazunguka kweli, na mara ya pili nikajikuta uso kwa uso na Msimamizi wa Zamu. Hiyo ilikuwa Embu, katika chumba cha simu, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi juzi, suruali ya shule bado mwilini. Msimamizi hakunigombeza. Alinivalisha vile vifaa vya masikioni, akanyoosha kamba iliyokuwa imejisokota shingoni mwangu, akasema polepole kama kasisi, "Ukisikia, hukusikia. Na ukikumbuka, nenda katafute kazi nyingine."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya wiki ya kwanza. Mengine yote nilifundishwa na vidole.

Nyinyi mnaotembea na simu mfukoni hamwezi kujua opareta alikuwa nani, kwa hivyo nieleze kidogo. Ubao wa simu ulikuwa kama kabati lililosimama mbele yako, limejaa matundu. Kila tundu lilikuwa la mtu: hili la zahanati, lile la padri, lile la duka la mbolea. Mtu akitaka kupiga simu alizungusha mkono wa simu yake, na kwangu kifuniko kidogo cha shaba kikaanguka juu ya tundu lake. Nachukua kamba yenye plagi, nachomeka, nauliza anamtaka nani, kisha nachomeka kamba ya pili kwa huyo anayetakwa. Simu ya mbali, kama ya Nairobi, tuliiita trankoo, na kila trankoo iliandikiwa tiketi: nani kapiga, kwa nani, saa ngapi. Kabla ya kuwaacha waendelee, opareta alitakiwa asikilize kidogo kuhakikisha wanasikizana. Hapo kwenye hicho kidogo ndipo wengi wetu tulipopotelea.

Kazi ya kuketi ilinifaa kama suti ya kupimwa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka niliyokaa Embu nikiishi mtaa wa Dallas, nilijua njia moja tu, ya kutoka kitandani hadi kwenye ubao, na Jumapili nilipumzika kutokana na uchovu wa njia hiyo. Waliponihamishia Meru mjini, niliwaaga ndugu zangu wa kijijini kwetu Karurumo kama mtu anayekwenda ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakanipeleka Kibirichia, na hapo nikaona wamenitupa angani kabisa.

Kibirichia iko juu, kwenye baridi, Mlima Kenya ukiwa umeinama juu yako kama jirani anayechungulia chungu. Huko ni viazi. Waru kulia, waru kushoto, na magunia yamesimama kando ya barabara yakingoja lori. Mke wangu, Mama Wanja, alikodi shamba dogo mwaka huo huo tuliofika, na kabla ya mvua ya pili alikuwa anawafundisha wenyeji kulima. Mimi niliketi kwenye ubao nikanenepa. Mama Wanja alinitazama jioni moja nikifunga mshipi, akasema nimeanza kufanana na yale magunia ya mabroka wanaonunua viazi, yale yanayoshonewa nyongeza juu ili yaingize debe lingine.

Nilicheka. Baadaye, peke yangu, nilijaribu kuinama nifunge kamba za viatu. Sikucheka tena.

Ofisi yetu ilikuwa na baiskeli. Ilikuwa ya tarishi, mzee aliyepeleka telegramu nyumba kwa nyumba, na alipostaafu hakuletwa mwingine. Ilikuwa imelala stoo chini ya mifuko mitupu ya barua: aina ya blakimamba, nyeusi na nzito, breki za vyuma, kengele kama ya kanisa na keria ya nyuma ya kubebea mzigo. Postamasta, mtu mrefu wa Tharaka ambaye alipenda kila karatasi iwe na nakala tatu, aliniambia niinunue kwa bei ya chuma chakavu ama aiuze kwa fundi. Niliinunua. Hadi leo sijui kwa nini. Sikuwa nimepanda baiskeli tangu nikiwa mwanafunzi Karurumo, kwa sababu siku zile tulisadiki kwamba karani mwenye tai akionekana juu ya baiskeli, ameshushwa cheo.

Fundi wa sokoni aliitengeneza. Alitia grisi, akabadilisha tyubu, akanieleza kwa uzito mkubwa habari za frii-wili, kile kidude cha gurudumu la nyuma kinachokuruhusu kuteremka bila kukanyaga pedeli. Sikumsikiliza vizuri. Laiti ningalijua kwamba hicho kidude ndicho kingenitia matatani.

Jumamosi tulifunga ofisi saa saba mchana. Nikaipeleka baiskeli nyuma ya jengo ambapo hakuna mtu, nikapanda, nikaanguka kwenye ua wa Postamasta. Nikapanda tena. Mara ya tatu mwili ukakumbuka wenyewe, bila kuniuliza. Nikatoka hadi barabarani, nikapita soko, nikafika pale ambapo barabara inaanza kuteremka kuelekea Kiirua, nikaacha kukanyaga.

Jamani. Upepo uliingia kwenye koti ukatokea kwenye kola. Macho yalitoa machozi yenyewe. Mbele yangu kulikuwa na tambarare za Isiolo, mbali kule chini, rangi ya simba, na mimi mtu mzima mwenye mke na mtoto nilikuwa napiga kengele bila mtu yeyote njiani. Nilipofika chini nilikuwa nimepoteza kofia na umri wa miaka ishirini na mitano. Kupanda kurudi kulinichukua saa nzima nikiisukuma, na njia yote nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kufika Jumamosi nyingine.

Jumamosi iliyofuata nilikutana na tatizo ambalo sikulitarajia. Kule, na hata kwetu Embu, mtu mzima hapandi baiskeli mikono mitupu. Anabeba maziwa, anabeba majani ya ng'ombe, anabeba mgonjwa. Mtu mzima akionekana juu ya baiskeli bila mzigo, mzigo uko mdomoni: ni habari, na habari ya kuletwa mbio si ya arusi. Sasa fikiria baiskeli yenyewe ni ya telegramu, na juu yake yuko mtu wa simu.

Watu waliniona wakaacha majembe. Wanawake wakaweka mikono kichwani. Mbele kidogo bibi mmoja mzee aliyekuwa akichagua mbegu za viazi aliniona nikipunguza mwendo karibu na lango lake ili nipumue. Aliweka kikapu chini, akakunja nguo, akaketi kwenye nyasi, miguu ameinyoosha mbele.

"Sema sasa," akaniambia. "Nimeshaketi."

Nikamwambia hakuna habari, mama.

"Ni mwanangu wa Nanyuki ama ni yule wa jeshi?"

"Hakuna mtu, mama. Wako wazima wote. Mimi napita tu."

"Unapita kwenda wapi?"

"Nafika pale chini, halafu narudi."

Alinikazia macho kwa muda mrefu. "Na ni nani amekutuma?"

Niliposema sijatumwa na mtu, alisikitika kuliko kama ningemwambia kuna msiba. Aliinuka akaniletea uji, kwa ile huruma ambayo watu huwapa wenye matatizo ya kichwa.

Basi nikatafuta dawa. Nikaona kinachowaogopesha watu ni uso wangu, kwa sababu mtu akikanyaga pedeli anakunja uso kama mfiwa. Nikaanza kutabasamu. Nilitabasamu kwa kila shamba, nikapunga mkono, nikapiga kengele kwa furaha. Ilifanya kazi vizuri sana. Baada ya majuma matatu wakawa hawaweki mikono kichwani tena. Walisimama tu wakanitazama, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani wamenizoea.

Hawakuwa wamenizoea. Walikuwa wananisoma.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi. Ilikuwa mavuno, na mawingu ya mvua yalikuwa yamekaa juu ya mlima. Lori la mabroka lilikuwa limesimama kando ya barabara ya Kiirua tangu asubuhi. Mkubwa wao alikuwa mtu tuliyemwita Kofia Mbili, kwa sababu alivaa ya sufu ndani na ya pama juu yake kwa ajili ya baridi. Saa tano mchana trankoo yake iliingia kutoka Nairobi, nami nikamuunganisha kwenye simu ya duka la mbolea alikokuwa akiingoja. Nikaandika tiketi. Nikasikiliza kidogo kuona kama wanasikizana. Nikatoa sikio.

Saa saba nikafunga ubao, nikachukua baiskeli yangu. Siku hiyo fundi alikuwa ameitia cheni mpya. Nilipofika kwenye mteremko iliondoka chini yangu kama farasi, na nakiri kwamba mtu wa nyumbani alitoweka. Nilikuwa nimesimama juu ya pedeli, tai imepeperuka mgongoni, nacheka kwa sauti. Nililipita lori. Nilimpita Kofia Mbili akiwa na mzani wake. Nilimpita mke wangu amesimama kando ya magunia yake, akaniangalia, na mimi nikampungia mikono yote miwili, jambo ambalo sitarudia.

Niliporudi juu, nikisukuma, nilikuta barabara nzima imechafuka. Hakuna gunia lililokuwa limepakiwa. Kofia Mbili alikuwa na hasira, vijana wake wamekaa juu ya lori mikono mashavuni, na wakulima wamesimama kila mmoja mbele ya viazi vyake kama askari mbele ya benki. Nilipouliza kuna nini, jirani mmoja alinikonyeza jicho, akasema nisiwe na wasiwasi, hakuna mtu atakayenitaja.

Kilichotokea ni hiki. Mama Wanja alikuwa karibu kukubali bei ya Kofia Mbili. Kisha akaona mume wake, mtu ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumwambia hata neno moja la kwenye simu, akiteremka akicheka kama aliyerithi. Akafikiri kidogo. Akamwambia Kofia Mbili kwamba bei imepanda na anajua. Wengine walipoona mke wa opareta ameketi juu ya gunia lake, nao wakaketi. Mvua ilikuwa inakuja, lori lilikuwa tupu, na soko la Nairobi halimngoji mtu. Kufikia saa kumi na moja Kofia Mbili alipandisha bei, akapakia, akaondoka akiapa kwamba atanimaliza.

Usiku kucha mke wangu aliimba nyimbo za kanisa. Mimi nilihesabu miaka yangu ya utumishi. Kutoa siri ya simu kulikuwa na adhabu moja tu: unafukuzwa bila mafao, na nyumba ya kazini unaiacha siku hiyo hiyo. Na hapa kulikuwa na trankoo, kulikuwa na tiketi yenye mkono wangu, na kulikuwa na mke wangu mwenyewe amekalia ushahidi.

"Mama Wanja," nilimwambia, "sikukuambia kitu chochote."

"Hukuniambia," akasema. "Uso wako ndio uliniambia. Wewe kaa kimya tu hivyo hivyo."

Siku ya Jumatano akaja Madam Mkaguzi kutoka Meru. Alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, na alikuwa na sifa ya kufukuza watu bila kupandisha sauti. Aliketi kwenye kiti changu. Postamasta akasimama nyuma yake na nakala tatu za mashtaka. Kofia Mbili akaletwa, mimi nikasimamishwa karibu na mlango, mahali pazuri pa kutokea.

Madam alishika ile tiketi, akaniuliza kama ni mwandiko wangu. Nikakubali. Akaniuliza kama nilisikiliza. Nikasema nilisikiliza kidogo, kama inavyotakiwa.

"Na walisema nini?"

Nilijua walichosema. Neno moja tu lingenitoa pale nikiwa huru, na neno hilo hilo lingekuwa ndilo kosa lenyewe.

"Siwezi kusema, Madam."

"Mimi ndiye mkaguzi wako."

"Najua, Madam. Na siwezi."

Postamasta alikohoa. Nilimwona akianza kunihurumia, na Postamasta yule hakuwa mtu wa huruma. Madam alinitazama kupitia juu ya miwani, kisha akageuza kiti. Na kile kiti kilipozunguka, mwelekeo wa kesi nao ukazunguka.

"Wewe unaweza kusema," akamwambia Kofia Mbili. "Simu ni yako. Walikuambia nini kutoka Nairobi?"

Kofia Mbili alivua kofia moja. Akasema ni mambo ya biashara. Madam akasema amekuja kutoka Meru kwa ajili ya mambo hayo ya biashara. Kofia Mbili akavua ya pili, na ndipo tulipojua ana upara.

"Waliniambia bei imeshuka," akasema chini chini.

"Imeshuka?"

"Imeshuka, Madam. Soko lilikuwa limejaa."

Madam aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo mashtaka yako ni kwamba opareta huyu alisikia bei imeshuka, akaenda kuwaambia wakulima, na wakulima kwa kusikia hivyo wakadai zaidi."

Nje nilimsikia Mama Wanja, ambaye alikuwa amejificha chini ya dirisha, akimwita Mungu kwa sauti ndogo, "Ngai."

Kofia Mbili alijikusanya, akasema pamoja na hayo, mtu huyu alikuwa anacheka, na dunia yote ilimwona. Madam akanigeukia tena.

"Hilo nalo ni kweli. Ulikuwa unacheka nini?"

"Nilikuwa nateremka, Madam."

"Ukienda wapi?"

"Chini."

"Kufanya nini?"

"Kupanda tena."

Aliandika kwa muda mrefu sana kwa maneno machache kama yale. Hatimaye akasema kwamba opareta aliyekataa kufungua mdomo hata mbele ya mkaguzi hana kosa la siri, na kwamba arudi kwenye ubao kabla watu hawajaanza kupiga kelele na simu zao. Lakini wiki mbili baadaye barua ilikuja, nakala tatu. Iliniruhusu kuendesha baiskeli nje ya saa za kazi, ila ilinikataza kuonyesha furaha isiyoelezeka katika barabara ya umma wakati wa mavuno ya viazi.

Niliitii barua hiyo. Niliteremka nimekunja uso, na watu wakaanza tena kuweka mikono kichwani. Nikicheka, bei inapanda. Nisipocheka, kuna msiba. Mwishowe nilifunga mtungi mtupu wa maziwa kwenye keria. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenitazama mara mbili. Nilikuwa mtu mwenye mzigo, mtu mwenye akili timamu, na kwa kinga ya mtungi ule nilicheka nilivyotaka ilimradi nifunge mdomo karibu na mashamba.

Hivyo ndivyo nilivyomaliza kazi yangu. Kabla miaka ya tisini haijaisha waliletea Kibirichia mtambo unaojiunganisha wenyewe, sanduku la kijivu lisilosikia wala kukumbuka, ambalo Msimamizi wangu wa Embu angelipenda sana. Ubao ukang'olewa. Sisi maopareta tukastaafishwa tukiwa bado na meno. Watu huniuliza kama nilisikitika. Nilisikitika kidogo. Kazi yangu haipo tena hata kwa jina, na ukimweleza kijana kwamba uliishi kwa kuchomeka watu kwenye matundu, anakuangalia kwa wasiwasi. Lakini sikupoteza sauti hata moja iliyopita mikononi mwangu, na sikuiuza hata moja. Si wengi wanaoweza kuandika hivyo bila kuomba radhi.

Siku ya mwisho nilitoa funguo kwa Postamasta. Alinipa mkono, akanipa nakala yangu ya cheti. Nikatoka nje, nikaufungua ule mtungi kwenye keria, nikaupa fundi wa sokoni awekee maji ya kutafutia pancha. Sikuwa mtumishi wa mtu tena. Hakuna barua iliyoweza kunifuata.

Mama Wanja alikuwa amesimama barabarani ametundika mkoba begani, maana tulikuwa tuondoke kwenda Karurumo kesho yake. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia naenda chini halafu narudi. Alitazama mteremko, akatazama keria tupu. Kisha mke wangu, mama wa kanisa, akapanda pale nyuma kwa upande, akashika koti langu kama mtu anayeshika ng'ombe mnadani.

Nikaacha kukanyaga. Aliniambia nishike breki. Aliniambia tena, akataja jina langu la ubatizo, ambalo hulitumia kwa ugomvi tu. Tulipofika pale barabara inapofunguka na tambarare zikatokea zote kwa mara moja, akanyamaza. Kilemba chake kilifunguka kikapeperuka nyuma yetu. Nikasikia mgongoni kitu kinatetemeka, nikadhani analia, nikageuza shingo nusu. Alikuwa anacheka, mdomo wazi, mbele ya wakulima wote waliosimama mashambani na majembe yao.

"Baba Wanja," akanipigia kelele sikioni, "kumbe ilikuwa ni hii tu?"

"Ilikuwa ni hii tu."

"Na miaka hii yote mimi nilidhani unanificha bei."

Nikataka kumjibu jambo la maana, lakini upepo ulikuwa umejaa mdomoni. Yeye ndiye aliyesema tena, tulipokaribia chini na gurudumu likaanza kupunguza mbio.

"Tukifika, tupande tena. Safari hii usiguse breki."